Kumtaja Mwenye Elimu: Hisani au Haki?

Katika vyuo vikuu vya leo mtafiti hupimwa kwa hesabu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo ambacho sasa kimeenea: mtafiti mwenye makala 20, ambazo kila moja imerejelewa na wengine angalau mara 20, hupata alama 20. Alama hiyo huangaliwa mtu anapoomba kazi au anapotaka kupandishwa cheo. Swali langu halihusu hesabu, linahusu maadili. Je, kumtaja mwenzako katika kazi yako ni hisani unayomfanyia, au ni haki yake iliyo shingoni mwako?

Tumtazame Lise Meitner, mwanafizikia wa viini vya atomi. Alizaliwa Vienna mwaka 1878, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1906, na mwaka uliofuata akaenda Berlin. Huko ushirikiano wake na mwanakemia Otto Hahn ulidumu takriban miaka 30. Mwaka 1934 ni yeye aliyemshawishi Hahn wachunguze pamoja kinachotokea urani inapopigwa kwa nyutroni. Baadaye Fritz Strassmann akaungana nao. Julai 1938 Meitner, kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Wanazi, akapata hifadhi Uswidi.

Desemba mwaka huohuo wenzake waliobaki Berlin waligundua kwamba urani iliyopigwa imezaa bariamu, ambayo atomi yake ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa urani. Hawakuweza kueleza imetoka wapi. Hahn akamwandikia Meitner kumwomba ufafanuzi. Meitner na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, wakapiga hesabu wakaona kwamba kiini cha atomi kimepasuka vipande viwili na kutoa nishati nyingi mno. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature Februari 1939.

Lakini makala ya Hahn na Strassmann ilikuwa imetangulia Januari, na jina la Meitner halikuwa miongoni mwa waandishi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake. Meitner alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara 40 katika maisha yake na hakuipata hata mara moja. Katika jumba la makumbusho la Munich, vifaa vya majaribio yale vilioneshwa kwa miongo kadhaa kama meza ya kazi ya Hahn.

Atakayemtetea Hahn atasema kwamba mwaka 1939 kuandika jina la mkimbizi mwenye asili ya Kiyahudi kulikuwa hatari. Ni kweli, na udhuru huo tuukubali. Ila sisi tunaosoma fiqhi tunaijua kanuni kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Wanazi walianguka mwaka 1945, na hofu ile ikaanguka pamoja nao. Hahn aliishi hadi mwaka 1968, na katika miaka hiyo yote aliendelea kuusimulia ugunduzi ule kama ushindi wa kemia, huku mchango wa mwenzake ukibaki pembeni. Udhuru ulikwisha, mazoea yakabaki.

Kuna hoja ya pili, nayo ndiyo nzito kwetu. Mwenye ikhlasi, wanasema, hatafuti kutajwa. Tumefundishwa kuogopa riya, na tumesikia habari ya mwanachuoni atakayeambiwa Siku ya Kiyama kwamba alisoma ili aitwe msomi, na ameshaitwa. Basi Meitner amepoteza nini?

Hapa ndipo tunapochanganya mambo mawili. Ikhlasi ni wajibu wa anayetenda. Si ruhusa kwa mwingine kulifuta jina lake. Kibarua akilima shamba lako bila kukudai, ujira wake haugeuki kuwa mali yako. Yeye na atazame nia yake, nawe tazama deni lako.

Maulamaa wa hadithi waliliona hili mapema. Mpokezi aliyemruka mtu aliyemsikia, akasimulia kana kwamba ameipata habari kutoka kwa aliye juu zaidi, kitendo chake waliita tadlisi, na wakakilaumu hata pale maneno yenyewe yalipokuwa sahihi. Ukweli wa habari haukuondoa haki ya aliyeifikisha.

Kwa hiyo hesabu ya marejeo si kipimo cha mtafiti peke yake. Inapima pia uaminifu wa wale wanaomtaja. Wakificha, namba inadanganya. Na jina linaweza pia kubandikwa pasipo pake: Meitner alialikwa kushiriki katika kutengeneza bomu la atomiki akakataa, lakini mwaka 1945 magazeti yalimhusisha na bomu hilo. Alinyimwa jina katika kazi aliyoifanya, akapewa katika kazi aliyoikataa.

Mwaka 1997 elementi ya 109 iliitwa rasmi meitneriamu. Ni heshima kubwa, lakini mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1968. Haki iliyocheleweshwa hivyo humfaa zaidi anayeilipa kuliko aliyeidai.

Nasi tuna madeni yetu. Kazi ya kikundi iliyoandikwa na wawili ikawasilishwa kwa majina sita. Mzee aliyetueleza historia ya msikiti wake, tukamwandika kama "chanzo kimoja". Dada aliyetafsiri mahojiano yetu, na jina lake halionekani popote. Hakuna atakayetushitaki. Lakini haki ya mja haifutwi kwa ukimya wa mwenyewe, na kuilipa sasa ni kuandika jina moja tu.

Wabillahi tawfiq.