Adabu ya Kuuliza: Nasaha kwa Mjumbe wa Bodi ya Shirika la Sanaa kwa Wanafunzi

Ukiombwa kuingia katika bodi ya shirika linalowafundisha watoto wa shule muziki, uchoraji, ngoma au maigizo, mara nyingi unaombwa kwa ajili ya heshima yako. Wewe ni mwalimu mstaafu, daktari, shekhe, mchungaji au mfanyabiashara, mtu ambaye jina lake likionekana kwenye barua, mfadhili huisoma barua hiyo mpaka mwisho. Heshima hiyo ndiyo itakayokupa mtihani wa kwanza. Kwetu mtu wa heshima hamkeri mwenyeji wake kwa maswali, hamkosoi mwanzilishi mbele za watu, na akipewa taarifa iliyojalidiwa vizuri hushukuru na kuifunga. Mambo hayo yanapendeza sebuleni. Yakihamia kwenye chumba cha kikao, wanaoumia ni watoto ambao hawapo pale kujisemea. Rai yangu ni moja: mjumbe wa bodi anayeuliza ndiye mwenye adabu, na anayenyamaza kwa kuona haya amewavunjia heshima wale aliokabidhiwa.

Sheria yenyewe inamweka mjumbe mahali pa kuuliza. Tanzania Bara, wadhamini wakisajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi, bodi yao huwa mtu kisheria: humiliki mali, hushtaki na hushtakiwa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Ukizisoma pamoja utaona kwamba mjumbe hakualikwa kama mgeni wa jukwaa kuu. Amebeba dhamana, na aliyebeba dhamana hawezi kusema baadaye kwamba hakuambiwa, maana alikuwa na haki ya kuuliza tangu kikao cha kwanza.

Tazama yaliyolipata shirika la Kids Company la Uingereza. Lilianzishwa London mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh kuwahudumia watoto na vijana wenye dhiki, na sanaa ilikuwa sehemu ya huduma zake. Kazi za watoto hao ziliwahi kuonyeshwa katika jumba la sanaa la Tate Modern. Mwanzilishi alipendwa na mawaziri, wasanii na matajiri. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ilikuja kubaini kwamba shirika lilipokea angalau pauni milioni 46 za fedha za umma. Pamoja na hayo yote, akiba yake ilibaki ndogo mno miaka nenda miaka rudi. Mwishoni mwa Julai 2015 serikali ililipa pauni nyingine milioni 3. Siku hizo hizo zikazuka tuhuma za unyanyasaji, wachangiaji wakarudi nyuma, na tarehe 5 Agosti milango ikafungwa. Polisi walichunguza wakahitimisha bila kupata ushahidi wa jinai.

Mtu atasema: lakini mahakama iliwasafisha wajumbe wa bodi ile. Ni kweli, na haki yao isemwe wazi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwapiga marufuku wasiwe wakurugenzi, na jaji akaona kwamba kama si tuhuma zile, mpango wa kulinusuru shirika huenda ungefanikiwa. Mwaka uliofuata, mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani England na Wales ilisema kulikuwa na usimamizi mbaya, ikataja wadai, wakiwemo wafanyakazi wenyewe na ofisi ya kodi, kulipwa kwa kuchelewa mara kwa mara. Maamuzi haya mawili hayagombani. Mtu anaweza kuwa mwaminifu, asiye na doa mbele ya jaji, na bado shirika alilolisimamia likawa halina kitu cha kulivusha mwezi mmoja mbaya. Tuhuma zisizo na msingi zinaweza kulifikia shirika lolote linaloshughulika na watoto. Swali ambalo bodi inapaswa kulirudia kila robo mwaka, hata likimchosha mwanzilishi, ni hili: fedha zikikatika leo, watoto hawa watafundishwa mpaka lini?

Swali hilo tunalo hata huku kwetu. Chuo cha muziki cha DCMA cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwaka 2002 na kuwapa vijana wengi mikono ya kupiga udi, fidla na ganuni, kilijikuta mwaka 2019 katika hatari ya kufungwa ufadhili wa nje ulipopungua. Taasisi iliyojaa vipaji na inayojulikana duniani bado ilikuwa inategemea bahasha inayotoka mbali. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu fedha za sanaa ya watoto Afrika Mashariki huja kwa miradi ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, ilhali kumfundisha mtoto ala ya muziki kunachukua miaka mingi zaidi. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mwalimu wa fidla. Ni kazi ya bodi.

Basi, uulize nini? Anza na kasma ndogo za bajeti, maana hapo ndipo utaona shirika linamtumikia nani. Ganuni moja ina nyuzi zaidi ya 70, na hewa ya chumvi ya pwani haizihurumii. Ukikuta bajeti yenye fulana za tamasha, mabango, chakula cha wageni na mpiga picha, lakini haina fungu la nyuzi, la rangi za maji wala la ngozi za kuwambia ngoma, umeshapata swali lako. Liulize kwa utulivu: mtoto atapigia nini wageni wakishaondoka? Kisha fuata njia ya mtoto tangu anapotoka darasani. Mazoezi ya tamasha yakiisha magharibi, nani anamfikisha nyumbani? Mwalimu anamfundisha peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, au mlango una kioo na mtu mzima mwingine yupo karibu? Mzazi alitia saini ya kuruhusu picha ya mwanawe itumike, au picha iliishia tu kwenye kalenda ya mfadhili? Hili la picha lina uzito wake. Mtoto aliyeshika fidla kando ya jaa la taka huleta michango haraka, na shirika lenye njaa hushawishika kumpiga picha huyo kila mwaka. Bodi ikatae. Mtoto atakua, na picha ile itamfuata akiomba kazi au akichumbia.

Wapo watakaosema kwamba maswali ya namna hii ni matusi kwa mwanzilishi, mtu aliyeuza shamba lake ili shirika lisimame. Hoja hii inagusa moyo, wala siidharau. Mashirika mengi ya sanaa yasingekuwepo bila watu wa aina hiyo. Lakini mwanzilishi asiyeulizwa huachwa peke yake na hofu zake. Yeye ndiye anayejua kwamba mishahara ya mwezi ujao haipo, na kwa kuwa kila mtu anamsifu, hapati pa kusema. Mficha uchi hazai, na bodi yenye adabu humfungulia mlango wa kusema kabla mambo hayajaharibika. Heshima yake utailinda kwa namna unavyouliza. Soma makabrasha kabla ya kikao, usiyafungue ukiwa mezani. Swali la ufafanuzi mpigie simu mhasibu siku mbili kabla. Swali zito mtaarifu mwenyekiti kwanza, kisha liulize kikaoni, liingie kwenye muhtasari, na kikao kijacho lifuatilie kwenye Yatokanayo. Usilifiche mpaka kwenye Mengineyo, watu wakiwa wanakusanya mikoba. Usilipeleke kwa walimu pembeni wala kwenye kundi la WhatsApp usiku. Na ukijibiwa vizuri, sema umeridhika, na sauti yako isikike kama ilivyosikika ulipouliza.

Wengine watasema: sisi tunajitolea, hatulipwi, mnatutaka tuwe wakaguzi? Kujitolea kunakupunguzia muda, na kwa hiyo wakubali watu wachache wenye nafasi badala ya majina makubwa yasiyotimiza akidi. Hakupunguzi dhamana. Posho ya kikao nayo izungumzwe bila haya. Nauli ya mjumbe anayetoka mbali ni haki yake, ila posho inayozidi malipo ya mwalimu wa ngoma kwa wiki ni aibu, hata kama mfadhili ameiidhinisha. Na mjumbe mwenye duka la ala, kampuni ya matangazo au mtoto anayeomba nafasi aseme mapema, atoke nje, na mlango ufungwe mpaka uamuzi upatikane.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la wasanii wenyewe: sanaa haihesabiki, na bodi ya watu wa hesabu itaiua. Nakubali nusu. Mjumbe anayedai makombe ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, au idadi ya waliohitimu kama ushahidi pekee anamlazimisha mwalimu kuchagua wachache wenye kipaji na kuwaacha wengine wakipiga makofi. Mjumbe anayemwelekeza mwalimu wimbo wa kuimba au rangi ya kupaka ameacha kazi yake na kushika ya mwenzake. Lakini kuuliza si kuhesabu tu. Nenda ukakae nyuma ya darasa siku ya kawaida, wiki ambayo hakuna tamasha wala mgeni, kwa ruhusa ya mwalimu na bila kamera. Tazama mtoto wa mstari wa mwisho anapewa chombo au anatazama wenzake. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea. Sikiliza kama watoto wanaulizwa wapendalo. Ukirudi kikaoni utakuwa na maswali ambayo mhasibu hawezi kuyaandika, na msanii hatakuona adui.

Limebaki la kuondoka. Muda wa mjumbe uandikwe kwenye katiba ya shirika na ufuatwe, hata kwa yule ambaye kila mtu anamwita mzee wetu, kwa sababu aliyekaa mno huanza kuona kila swali jipya linamlenga yeye. Siku ya kung'atuka, kabidhi makabrasha yote kwa maandishi, mweleze anayekurithi ni maswali gani yako hayajajibiwa, na hakikisha saini yako imeondolewa benki na jina lako limebadilishwa kwenye usajili kabla ya hafla ya kukuaga.