Aliyeanguka Tena, Je, Alidanganya?



Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Keroka alinifuata baada ya ibada. "Pasta, kuandikwa jeshi kumekaribia na mimi navuta sigara. Nikikimbia, kifua kinabana. Niombee, lakini mama asijue."

Nikamwombea. Jumapili iliyofuata, akiwa na siku tatu tu bila sigara, nikamwita mbele atoe ushuhuda. Angewezaje kunikatalia mbele ya watu? Vigelegele vikapigwa. Mama yake akalia.

Siku ya Alhamisi nikamkuta nyuma ya soko akivuta. Akaificha haraka, akaniambia, "Pasta, mimi ni mwongo tu."

Neno hilo limeninyima usingizi. Je, mtu akiahidi kwa moyo wote halafu ashindwe, amedanganya? Nasema hapana. Mwongo anajua tangu mwanzo kwamba hatatimiza. Huyu alikusudia kweli, nguvu zikamwishia. Petro naye aliahidi kufa na Bwana wake, na usiku uo huo akamkana mara tatu. Soma Yohana 21 uone: Yesu hakumwita mwongo. Alimpa kiamsha kinywa, akamuuliza swali mara tatu, akamrudishia kazi.

Aliyekosa ni mimi. Nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba ukishamuuzia mteja lazima umfuatilie. Mimi nilichukua ushuhuda nikaenda nyumbani. Lakini hamu ya nikotini huwa kali zaidi siku za kwanza, na hasira na kukosa usingizi vinaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Siku hizo nilimwacha peke yake, tena nikiwa nimemfungia mlango: baada ya vigelegele vile, angemwambia nani kwamba ameanguka?

Wengine wanasema, "Wacha afike Eldoret kwa mafunzo, maafande watamnyoosha." Amri inaweza kumzuia kuruta akiwa kambini, lakini siku ya likizo itafika, na sigara iko kila kioski. Isitoshe, jeshi lenyewe halijawahi kuwa dawa ya sigara. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani walipewa sigara pamoja na chakula chao, na ziliondolewa humo mwaka 1975 tu.

Nilimwomba kijana msamaha. Mama yake alimweleza mwenyewe. Sasa jioni tunakimbia pamoja, mimi nikihema kumshinda. Hamu ikimshika ananipigia simu, tunaongea zile dakika chache mpaka ipite. Nimemshauri pia amwone daktari, maana dawa za kusaidia zipo. Tangu hapo ameanguka mara mbili, na mara zote mbili amenipigia siku hiyo hiyo.

Wapendwa, kuna vijana wengine kati yetu, Kisii na Nyamira, wanaojiandaa kama yeye. Ukikutana na mmoja, usimuulize, "Si ulisema umeacha?" Muulize, "Leo imekuwaje?" Kisha ukae umsikilize.

Mungu awabariki.