Mashahidi Wawili na Sifuri

Mjukuu wangu, kaa hapa barazani. Nimefundisha hesabu mpaka chaki imeniingia kwenye kucha, na sauti niliyobaki nayo ni ya kuazima. Nitasema mara moja tu, ingawa najua kesho nitasema tena.

Huo mtihani wako wa GMAT, katika maswali haya ya kauli mbili, hautaki jibu. Unataka kujua kama ulichopewa kinatosha kulipata. Hiyo ni kazi ya kadhi, si ya karani. Zile kauli mbili ni mashahidi wawili. Msikilize wa kwanza peke yake, kisha mtoe nje na maneno yake uyasahau. Ndipo umwite wa pili. Kila mmoja akishindwa, waite pamoja. Wewe unawachanganya tangu mlangoni.

Jana ulinionesha swali: a na b ni namba kamili, je, b ni 1? Shahidi wa kwanza kasema ab = a. Ukagawa pande zote kwa a, ukaandika kuwa inatosha, ukafunga daftari.

Hebu twende kijiwe cha kahawa cha Jaws Corner. Tuseme wamekaa watu a, kila mmoja kanywa vikombe b vya kahawa, na vikombe vyote vikawa sawa na idadi ya watu. Kila mtu kanywa kimoja? Naam, kama watu walikuwepo. Lakini mvua ya masika ikipiga asije mtu, watu ni sifuri, vikombe ni sifuri, na kauli bado ni ya kweli. Hapo b yaweza kuwa 1, yaweza kuwa 7. Shahidi huyo hatoshi.

Wa pili kasema a + b = 1. Naye peke yake hatoshi: b yaweza kuwa 1, au 0, au hata hasi 5. Sasa waite pamoja. Wa kwanza anataka a iwe 0 au b iwe 1. Kama a ni 0, wa pili anailazimisha b iwe 1. Njia mbili, mlango mmoja. Pamoja wanatosha.

Usione haya kukosea. Brahmagupta wa Bara Hindi, aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628, alisema sifuri ukiigawa kwa sifuri unapata sifuri. Bingwa kajikwaa hapo. Wewe unapita mbio?

Basi kabla hujagawa kwa herufi, iulize: wewe waweza kuwa sifuri? Ukiambiwa namba si hasi, usisome kuwa ni chanya, maana sifuri si hii wala si ile. Shufwa na witiri unazijua tangu chuoni: sifuri ni shufwa. Na x ikiwa kati ya 0 na 2, usiikimbilie 1 mpaka uambiwe kuwa ni namba kamili.

Alasiri inakaribia. Fungua daftari, fanya swali moja mbele yangu. Moja tu, lakini polepole.