Je, Bahati Mbaya Hailipwi?



Mwezi uliopita sisi wazee wa kanisa tuliketi kusikiliza neno kati ya ndugu wawili. Mmoja anapangisha vyumba viwili karibu na soko. Mwingine amepanga humo na mke wake na mtoto. Siku ya mvua, mama aliingiza jiko la mkaa ndani, karibu na mlango. Mtoto akalipindua, mlango ukaungua pamoja na fremu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mwenye nyumba akadai mlango mpya. Mpangaji akajibu: "Ni bahati mbaya, sikukusudia. Tena kodi nimelipa."

Wengi wetu tungejibu hivyo. Basi tujiulize: je, kama hatukukusudia, hatudaiwi?

Mpangaji alikuja na Biblia yake. Katika Kutoka 22:15, mnyama wa kukodiwa akiumia, kodi yake huhesabiwa kuwa imebeba hasara. Ni kweli, wala hatukumpinga. Anayepangisha nyumba anajua rangi itafifia, bawaba zitalegea, mchwa watakula, upepo utang'oa bati. Hayo si deni la mpangaji.

Lakini mstari wa 6 wa sura hiyo hiyo unasema habari za moto uliotoroka ukala nafaka ya jirani. Aliyeuwasha hulipa, wala haulizwi kama alikusudia. Kwa nini? Kwa sababu kosa laweza kusamehewa kwa neno, lakini hasara haiondoki kwa neno. Mlango umekwisha kuungua. Lazima mtu atoe fedha. Tukisema "bahati mbaya" na kwenda zetu, hatukuiondoa hasara, tumemtwika jirani.

Mwenye nyumba naye tulimwuliza. Sheria ile inatazama kama mwenye mali alikuwapo. Je, alijua kwamba wanapika mlangoni kila mvua inyeshapo? Alijua, maana hakuwajengea mahali pa kupikia. Aliyeona akanyamaza ana sehemu yake. Tena mlango wenyewe ulikuwa umeliwa na mchwa. Kudai mpya kwa kuukuu ni kutafuta faida katika ajali ya ndugu yako.

Tukapatana hivi: ihesabiwe thamani ya mlango wa zamani, kila mmoja abebe nusu, na mpangaji alipe kwa miezi mitatu.

Neno moja lilituhuzunisha. Kwa siku mbili mpangaji alitundika pazia ili mwenye nyumba asione. Moto haukuwa dhambi. Pazia ndilo lilikuwa dhambi. Yule mwanafunzi wa manabii katika 2 Wafalme 6:5, shoka la kuazima lilipomtumbukia majini, alipaza sauti papo hapo. Hakungoja mwenyewe agundue.

Kule Kongo tulizoea garanti: mwenye nyumba alishika fedha ya miezi kadhaa kabla hatujaingia. Hapa ukimbizini ni wachache wenye fedha hiyo. Garanti yetu ni neno letu. Likivunjika, familia nyingine itakayobisha hodi kesho itafungiwa mlango kwa sababu yetu.

Basi, wapendwa, tukiharibu, tuseme siku ile ile. Na tukiharibiwa, tudai kilichopotea tu, tusiongeze.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.