Baada ya Barua ya Yerusalemu

Somo: Matendo 15:22–32, Wagalatia 2:11–14



Mkutano wa Yerusalemu uliamua jambo zito: watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Barua ikaandikwa. Wengi wetu tungeishia hapo. Tungeibandika ubaoni na kumlaumu atakayeikiuka. Mitume waliituma Antiokia pamoja na Yuda na Sila, wakaieleze kwa vinywa vyao, nao wakakaa huko kwa muda wakiwatia ndugu moyo.

Tohara hiyohiyo ilirudi makanisani mkoani kwetu Mwanza, safari hii ikipitia hospitalini. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai ulikuwa umeonyesha kwamba inapunguza kwa karibu asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Huduma ikapelekwa vijijini, bure. Lakini Wasukuma kwa jadi hatukuwa na tohara, na Wakristo wengi waliihesabu kuwa mambo ya Waislamu. Watafiti wa hospitali ya Bugando na wenzao wa Marekani wakachukua vijiji 16, vyote vikapata huduma ileile. Katika 8, viongozi wa makanisa walipewa pia semina ya siku moja, mchungaji na tabibu wakifundisha pamoja, kisha wakawa wanakutana na watafiti kila baada ya wiki mbili kampeni ikiendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet: kwenye vijiji vya semina walitahiriwa wanaume wapatao 53 katika kila 100, kwingine 30.

Tabibu alikuwa na jibu la ugonjwa, ila watu walikuwa wakiuliza kama imani yao inawaruhusu. Jibu hilo walilitaka kwa mtu wanayemwona kila Jumapili, ambaye hata wakikutana naye sokoni wanaweza kumuuliza upya.

Nasi hapa kanisani Mirongo tunapenda maazimio. Kwaya inaazimia kuwahi mazoezi. Kikundi cha usafi kinaazimia kutotupa taka mtoni, na mvua ya kwanza inasomba mifuko yetu hadi ziwani. Kiongozi anakaripia. Ni mara chache anauliza gari la taka linapita lini, au yule mama wa sauti ya kwanza anafunga genge lake saa ngapi.

Hata aliyeelewa hurudi nyuma. Petro alikula na watu wa mataifa kule Antiokia, lakini walipofika watu wa Yakobo akajitenga kwa hofu, na Barnaba akamfuata. (Wataalamu wanabishana kama hayo yalitangulia mkutano au yalifuata.) Paulo alimkabili Petro palepale, mbele ya wote. Nisingeshauri kila mkosaji asemwe hadharani. Petro alikuwa kiongozi, na kosa lenyewe lilikuwa mezani, machoni pa watu.

Basi, wenyeviti wa vikundi, atakayeleta azimio jipya kwenye kikao cha Jumatano alete pia majina mawili: Yuda wake na Sila wake, watakaokaa na wenzao hata mwezi ujao.