Dhamiri Inayojisomea Yenyewe

Wapendwa, swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mtu anaweza kuwa na dhamiri tulivu, asione kosa lolote moyoni mwake, na bado akawa amepotoka? Wengi wetu hujibu haraka kwamba haiwezekani. Tunasema, "Moyo wangu haunishitaki," na mjadala unaishia hapo. Nami nilijibu hivyo kwa miaka kadhaa, hata baada ya kuhitimu chuo cha theolojia. Aliyenionyesha jibu lingine ni kijana fundi wa kompyuta, na hakujua kwamba ananifundisha.

Nilipoanza uchungaji, ofisi ya usharika wetu ilikuwa na kompyuta moja kuukuu ya katikati ya miaka ya 1990, tuliyopewa na marafiki. Ilitumia disketi za inchi 3.5, zile ambazo wengine waliziita flopi. Kwa vijana wasiozijua: disketi ni duara la plastiki laini lililopakwa unga wa sumaku, likafungiwa ndani ya ganda gumu la mraba. Ilibeba megabaiti 1.44 tu, picha moja ya simu ya leo huizidi. Lakini kwetu zilitosha. Mihtasari ya baraza, orodha ya waliobatizwa, ahadi za washarika, vyote tuliviweka kwenye disketi, na disketi kwenye kabati.

Mwaka 2006 mtunza hazina wetu, mzee mstaafu aliyewahi kuwa karani, aliletea baraza hesabu za ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Alikuwa ameziandika kwenye kompyuta ya mwanawe, akazileta kwenye disketi. Tukaiingiza kwenye mashine ya ofisi. Ikakoroma kidogo, kisha kwenye skrini yakatokea maneno kwamba disketi hii haijaandaliwa, na swali: je, mnataka kuiandaa sasa? Kuiandaa maana yake ni kufuta kila kilichomo. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Tukachukua disketi zetu wenyewe kutoka kabatini, tatu au nne, na zote zikafunguka bila shida.

Mzee akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, labda mashine yenu ndiyo yenye shida." Baadhi yetu tukacheka. Mashine iliyosoma disketi nne mbele ya macho yetu ingekuwaje mbovu? Nikasema neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Mzee, fedha za Bwana hazitunzwi kwa maneno." Sikumwita mwizi. Sikuhitaji kumwita, kwa sababu kila aliyekuwapo alielewa. Baada ya mwezi mmoja aliacha utunza hazina. Akaendelea kuja ibadani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akitoka mara tu baada ya baraka.

Nami nililala usingizi. Hilo ndilo ninalotaka mlione. Dhamiri yangu haikunisumbua hata kidogo. Nilijipima, nikajiona mchungaji mwaminifu anayelinda sadaka za watu.

Miaka mitatu baadaye kompyuta ile ilipelekwa kwa fundi kwa sababu nyingine kabisa. Fundi alikuwa kijana anayependa mashine za zamani kama wengine wanavyopenda njiwa. Nikamtajia, kama jambo la kuchekesha, kwamba draivu yetu inabagua: inasoma disketi zetu na kuzikataa za wageni. Yeye hakucheka. Akafungua kasha, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akapaka grisi kidogo kwenye reli kinamotembea. Kisha akajaribu disketi ya programu iliyotoka kiwandani. Ikakataliwa. Akajaribu yetu, ikasoma.

Akanieleza hivi. Kila upande wa disketi una njia 80 za duara, moja ndani ya nyingine, zisizoonekana kwa macho. Kutoka njia moja hadi nyingine hakufiki hata moja ya tano ya milimita. Disketi inapozunguka, mara 300 kwa dakika, mota ndogo hukisogeza kichwa hatua kwa hatua mpaka kwenye njia inayotakiwa. Kama kichwa ni kichafu, kitashindwa kusoma disketi zote, zako na za jirani. Lakini kama skrubu zimelegea na kichwa kimehama kidogo, mambo huwa tofauti. Kitaandika kando ya njia, na kikirudi kusoma, kitarudi palepale kando kilipoandika. Kwa hiyo kitasoma maandishi yake mwenyewe vizuri kabisa. Kosa la kuandika na kosa la kusoma ni kosa moja, na yanafichana.

"Draivu ya namna hii, Baba Mchungaji," akasema, "ukiipima kwa disketi zake itakwambia ni nzima. Mpaka uiletee iliyoandikwa na mwingine."

Nilikaa kwenye kiti cha duka lile, na nikamwona mzee wetu karibu na mlango wa kanisa.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Tunaitumia methali hii kwa utani, lakini ni neno zito kuhusu dhamiri. Dhamiri yangu iliandika hukumu juu ya mzee yule, kisha mimi nikaitumia dhamiri ileile kuisoma hukumu yangu. Ingewezaje kuona kosa? Mtume Paulo alilijua jambo hili alipowaandikia Wakorintho, katika waraka wa kwanza, sura ya nne: yeye haoni neno lolote la kujishitaki, lakini hilo peke yake halimhesabii haki, anayemhukumu ni Bwana. Naye Daudi, baada ya kumchukua mke wa Uria na kumwua Uria, aliendelea na kazi za ufalme kama kawaida. Alipaswa kujiwa na Nathani akiwa na habari ya mwana-kondoo wa maskini, habari iliyotoka nje yake, ndipo akajiona.

Tena tazameni jinsi mashine ile ilivyosema. Haikusema, "Mimi sioni." Ilisema, "Disketi hii haina kitu," na ikajitolea kuifuta. Dhamiri iliyohama hufanya hivyohivyo. Haisemi kwamba imeshindwa kumwelewa ndugu. Husema ndugu ni mtupu, na iko tayari kumfuta.

Mtu anaweza kuniuliza: je, sisi Walutheri hatukuanza na dhamiri? Je, Martin Luther hakusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521 na kutegemea dhamiri yake? Ndiyo, alisimama. Lakini tusome vizuri alichosimamia. Alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, na akaomba aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko. Hakudai kwamba dhamiri yake ni kipimo. Alidai kwamba ina kipimo, nacho kiko nje yake. Ndiyo maana katika Makala za Smalcald, za mwaka 1537, alisisitiza sana Neno la nje, Neno linalotujia kwa sikio, dhidi ya wale waliotegemea roho iliyomo ndani yao. Fundi naye hanyooshi kichwa kwa kukisia. Anatumia disketi iliyoandikwa na mashine iliyo sawa, anasogeza mota kidogo kidogo, mpaka kichwa kisome kile ambacho hakukiandika chenyewe.

Hata hivyo kuna ugumu, na sitaki kuupita kimyakimya. Neno la nje nalo nalisoma kwa kichwa changu hiki kilichohama. Naweza kufungua Biblia na kukuta humo mawazo yangu tu. Wala wingi wetu hauniponyi: draivu mbili zilizohama sawasawa zitasomeana vizuri, na kila moja itaisifu nyingine. Ndivyo lilivyokuwa baraza letu siku ile. Tulikuwa watu wengi, tulikubaliana, na tulikosea pamoja.

Nadhani ndiyo sababu Luther, katika Makala zilezile, alipotaja njia ambazo Injili hutujia, aliongeza kwenye mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na maondoleo ya dhambi jambo hili pia: mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Neno hunifikia kwa sauti ya mtu mwingine, na hasa yule ambaye namwona hana maana. Kwa hiyo nimejiwekea kawaida hii: ninaposoma Andiko na likaniunga mkono dhidi ya mtu, nalisoma tena pamoja na mtu huyo, au na mmoja aliye upande wake. Ikiwa hatuwezi kulisoma pamoja, nasita kutoa hukumu.

Kabla ya kugusa skrubu, fundi aliniuliza swali moja zaidi. "Kuna kitu cha thamani mlichoandika kwa draivu hii? Nikiinyoosha, huenda haitasoma tena disketi zenu za zamani." Hilo sikulitegemea. Kunyooshwa kulikuwa na gharama: maandishi yetu ya miaka kadhaa yangekuwa kama lugha ya kigeni. Tukakaa jioni nzima tukinakili mihtasari na majina ya watoto waliobatizwa kwenye diski ngumu ya mashine, ndipo akalegeza, akasogeza, akakaza. Toba nayo iko hivyo. Si kuanza kusoma vizuri kuanzia leo tu. Ni kurudi kwenye yale niliyoyaandika nikiwa nimepotoka, moja baada ya lingine, na kuyaandika upya.

Basi nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta akipalilia migomba. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, Baba Mchungaji, karibu." Nilimweleza habari ya mashine, kisha nikaona najificha nyuma ya mashine, nikaacha. Nikasema, "Baba, nilikukosea mbele ya watu. Naomba unisamehe." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Humo yalikuwamo madaftari mawili ya hesabu, na stakabadhi za saruji, mabati na misumari, zimebanwa kwa mpangilio wa tarehe.

"Yalikuwa hapa siku zote," akasema. "Ungeniuliza tu."

Alinisamehe, ingawa si siku ile, ilichukua majuma. Niliungama kosa langu mbele ya baraza, kwa kuwa nililitenda mbele ya baraza. Utunza hazina aliukataa, na sikumlazimisha. Lakini Jumapili moja alihama kutoka benchi la mlangoni, akakaa la tatu kutoka mbele.

Wapendwa, jioni ya leo mnapojihoji kabla ya kulala, na mkikuta moyo umetulia, mshukuruni Mungu. Kisha jiulizeni: ni nani ambaye nimemsoma nikamwona mtupu? Mwendeeni huyo, mkamwulize.