Parashuti Moja, na Majani ya Ng'ombe

Vijana wenzangu, mmeziona zile video za watu wanaojirusha kutoka majabali ya Lauterbrunnen, Uswisi? Anayeruka kutoka kwenye ndege hubeba parashuti mbili, moja ya akiba. Wa jabalini kwa kawaida ana moja tu, na sekunde chache. Kwa hiyo mwenye akili huchagua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huikunja kwa makini, na upepo ukikataa hurudi kwa miguu. Mimi naona ushujaa uko hapo.

Ibilisi naye alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka. Yesu akagoma. Sasa wewe unayechukua kifaa chochote cha bei chee halafu unasema “Mungu yupo”, unamwamini au unamjaribu? (Na wa bodaboda bila helmeti, usicheke.)

Halafu kuna mkulima kule bondeni. Yale majani marefu ni chakula cha ng'ombe wake wakati wa baridi. Ndiyo maana warukaji huombwa wasitue humo, wanunue kadi ya kutua ili wakulima wapate chochote, na wapige simu kwanza wasije wakagongana na helikopta. Jamani, yule mkulima hakukuomba uruke. Ukimkanyagia majani, utabisha hodi kwake kuomba radhi, au utakunja parashuti uondoke?